Tuhesabiwe kwa Kipimo Kimoja

Sisi tunaopanga foleni kwenye mabenchi ya zahanati tangu alfajiri tuna nung'uniko ambalo haliingii vizuri kwenye sanduku la maoni. Ya dawa kuisha tumeshayasema. Ya kuambiwa kipimo hakipo, kapime pale nje, nayo tumeyasema hadi sauti zimekauka. La leo ni la hesabu. Kila tunapoingia kutibiwa tunaandikwa kitabuni, mwisho wa mwezi tunajumlishwa, kisha tunapelekwa wilayani, mkoani hadi wizarani Dodoma tukiwa tarakimu. Tarakimu hizo ndizo zinazotazamwa pale inapoamuliwa chanjo ngapi zije, mkunga apangwe wapi na fedha kiasi gani zishuke. Hatukatai kuhesabiwa. Tunachokataa ni kuhesabiwa na watu ambao bado hawajakubaliana wanahesabu nini.

Tazameni jengo moja tu la zahanati. Mgonjwa wa nje huandikwa kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao tumekuwa nao tangu miaka ya 1990. Mjamzito ana kitabu namba 6. Mtoto wa kliniki ana namba 7. Anayejifungua huandikwa namba 12. Kila mstari wa vitabu hivyo una mtu, na kila safu ina swali lake: jina, kijiji, umri, jinsi, hudhurio la kwanza au la marudio, kipimo, ugonjwa, dawa, amelipa, ana bima au ana msamaha. Mwezi ukiisha, muuguzi yule yule aliyetuchoma sindano anakaa chini na kalamu, anapiga vijiti kwenye fomu ya kujumlishia, mstari kwa mstari, hadi giza linaingia. Fomu inakwenda wilayani, inaingizwa kwenye programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, na huko juu inatoka ikiwa grafu yenye rangi.

Grafu hiyo inaaminiwa kuliko sisi wenyewe. Tukisema huku homa zimezidi, tunaulizwa takwimu zinasemaje.

Basi tuzungumze takwimu. Swali la hudhurio la kwanza au la marudio linaonekana dogo, kumbe limebeba mengi. Mzee mwenye kisukari akianzia zahanati, akapewa rufaa kituo cha afya, akaishia hospitali ya wilaya, ndani ya wiki mbili amekuwa mgonjwa mpya mara tatu, maana kila mlango unaanza hesabu yake. Na hata ndani ya mlango mmoja, mtoa huduma mmoja anaelewa kuwa mgonjwa mpya ni yule aliyefika kwa mara ya kwanza mwaka huu; mwenzake wa zamu ya jioni anaelewa kuwa ni yule aliyekuja na ugonjwa mpya. Aliyetibiwa malaria Februari akarudi Agosti anaharisha, kwa wa asubuhi ni marudio, kwa wa jioni ni mpya. Kila mmoja ana sababu ya kufikiri hivyo. Lakini vijiti vyao vinaingia kwenye kisanduku kimoja cha fomu moja, na jumla inayotoka si idadi ya watu wala si idadi ya magonjwa.

Akina mama ndio wanaoumia zaidi na jambo hili. Kwetu bado ni kawaida mimba ya kwanza ikikua, binti aende kujifungulia kwao. Ameolewa Morogoro, ameanza kliniki mapema kama alivyoelekezwa, amepima damu, amepewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Mwezi wa saba anapanda basi kwenda kwa mama yake Singida. Akifika kliniki ya huko anafunguliwa ukurasa mpya, na kama kadi imesahaulika nyumbani kwa mume, anafunguliwa na kadi mpya. Morogoro anabaki kwenye kitabu kama mama aliyeacha kliniki njiani. Singida anaingia kama mama aliyechelewa kuanza. Waratibu wa wilaya mbili wataulizwa kwenye kikao kwa nini wajawazito wao hawafuati maelekezo, na watarudi kutusomea risala kuhusu uelewa mdogo wa jamii. Binti hakukosa hata tarehe moja. Kilichokosekana ni makubaliano ya nani amhesabu, na namna ya kliniki ya pili kujua kwamba ile ya kwanza ilishamwandika.

Na kukamilisha kliniki ni kufika mara ngapi? Kwa miaka mingi tuliambiwa mara nne. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likashauri ziwe nane. Mabadiliko hayo yana sababu za kitabibu na hatuyapingi. Tunachotaka ni kwamba anayetangaza asilimia ya waliokamilisha aseme anatumia kipimo kipi, maana mama wa mahudhurio matano amefaulu kwa hesabu ya zamani na amefeli kwa mpya.

Upande wa chanjo, mara kwa mara husikika wilaya iliyochanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake. Wanaosoma taarifa hizo hupiga makofi. Sisi huwa tunajiuliza hao watoto wa ziada wametoka wapi. Jibu liko kwenye namba ya chini, ile ya kugawia. Idadi ya watoto wanaotarajiwa hukisiwa kutokana na sensa, na kati ya Sensa ya 2012 iliyopata watu milioni 44.9 na ile ya 2022 iliyopata milioni 61.7, watu walihama mno. Machimbo ya dhahabu ya Geita yalivuta vijana na familia zao. Kambi za wavuvi za Ziwa Victoria zinajaa na kuhama na msimu wa samaki. Mtoto anachanjwa alipo, wakati kwenye makisio anahesabiwa alikotoka. Huku wanaonekana wamezidi, kule wamepungua. Wengine wakatumia makisio ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wengine wakahesabu kaya kwa kutumia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kila mmoja akapata asilimia yake.

Hatari ya asilimia zaidi ya 100 ni kwamba inafunika aliyeachwa. Kata ikishaonekana imevuka lengo, hakuna atakayetoa mafuta ya pikipiki kwenda kumtafuta mtoto wa kitongoji cha mwisho ambaye hajawahi kuiona sindano. Surua ikija, itamkuta huyo.

Tukiacha vitabu, njooni kwenye dirisha la malipo, ambako maana ya neno inaamua kama utatibiwa au utarudi nyumbani. Mtoto ni nani? Kwenye msamaha wa matibabu ni aliye chini ya miaka mitano. Kwenye Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, alikuwa ni aliye chini ya miaka 18. Kwenye huduma za watu wanaoishi na VVU, mara nyingi mtoto ni aliye chini ya miaka 15. Kila mpango una sababu yake, lakini mama aliyeshika mkono wa kijana wa miaka sita anaambiwa huyu si mtoto tena, na kesho ofisi nyingine inamwandika kuwa ni mtoto. Hata hiyo mitano yenyewe haijatulia. Sera inasema chini ya miaka mitano, yaani hadi siku moja kabla ya kutimiza mitano. Kuna wanaosikia mitano wakamjumuisha na aliyekwisha kutimiza. Kwa mtoto mmoja ni jambo la miezi michache. Kwa nchi nzima ni maelfu ya watoto wanaohamishwa kutoka kundi moja kwenda jingine.

Kwa wazee ni hivyo hivyo. Umri umewekwa wazi, miaka 60 na kuendelea. Ila msamaha ni wa mzee asiye na uwezo, na hapo ndipo kila serikali ya kijiji ina mizani yake. Kuna mahali bibi akiwa na mtoto wa kiume Dar es Salaam, basi ana uwezo, hata kama mtoto huyo hajapiga simu tangu msiba wa baba yake. Kuna mahali ukiwa na bati juu ya nyumba umeondoka kwenye orodha. Kwingine mwenyekiti anaandikia barua ukoo wake. Tumewaona vikongwe wawili, majirani wa vijiji vinavyotenganishwa na mto, mmoja ana kitambulisho cha msamaha, mwenzake hana, na anayekosa ndiye anayelala njaa. Kijiji cha kwanza kitaripoti wazee wengi wasiojiweza, cha pili kitaripoti wachache, na mtu wa Dodoma atadhani ng'ambo ya mto kuna neema.

Hili halisubiri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ndani yake Serikali inawabeba wasio na uwezo. Kama maana ya asiye na uwezo haijafungwa ikawa moja kwa nchi nzima, basi bima hiyo itatufikia kwa bahati ya mahali ulipozaliwa.

Tuje kwenye magonjwa. Wenye umri wanakumbuka enzi ambapo kila homa ilikuwa malaria. Ulifika, ukasema mwili unachemka, ukaandikiwa malaria, ukapewa dawa. Kisha vikaja vipimo vya haraka vya kutoboa kidole, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likataka kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Idadi ya wagonjwa wa malaria ikabadilika. Sehemu ya punguzo ni ya kweli: vyandarua vimefanya kazi, dawa ya mseto imefanya kazi. Sehemu nyingine ni kwamba tulibadili kinachoitwa malaria. Anayechora mstari mmoja kuanzia mwaka 2000 hadi leo bila kuweka alama mahali kipimo kilipobadilika anatudanganya, hata kama hakukusudia. Na ole wetu pale vipimo vinapokwisha stoo: baadhi ya vituo hurudi kuandika malaria kwa kukisia, vingine huandika homa, na mwezi huo mkoa unaonekana una mlipuko au una nafuu, kumbe kuna boksi halijafika.

Wengi wetu hata hatufiki kwenye orodha ya magonjwa. Fomu ya mwezi ina majina yaliyochapwa, na mwisho kabisa kuna mstari wa magonjwa mengine. Mgongo wa mama anayebeba maji, kizunguzungu cha fundi anayepumua vumbi la saruji, vidonda visivyopona, vyote vinajikuta humo. Mtu huyo huyo akiwa na bima, fomu ya madai inataka ugonjwa wake uandikwe kwa namba ya orodha ya kimataifa, ile iliyoanzia kwenye orodha ya sababu za vifo ya Jacques Bertillon mwaka 1893 na ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Kwa hiyo ndani ya jengo moja, siku moja, mwenye bima ana ugonjwa wenye namba, na asiye na bima ana ugonjwa mwingine. Ikifika siku ya kupanga ni magonjwa gani nchi iyawekee fedha, nani ataonekana?

Lakini pa kutuuma kweli ni leba. Kitabu namba 12 kina safu ya hali ya mtoto. Kama amezaliwa mfu, anayeandika anatakiwa aseme ni yule aliyefariki muda mfupi kabla ya kutoka, ngozi yake ikiwa bado nzima, au ni yule aliyefia tumboni siku kadhaa nyuma, ngozi imeanza kuchubuka. Tofauti hiyo ni nzito. Wa kwanza, mara nyingi, alikuwa hai uchungu ulipoanza, na huenda angeokolewa kama mapigo ya moyo yangesikilizwa kwa wakati, kama gari la wagonjwa lingekuwa na mafuta, kama daktari wa upasuaji angekuwepo. Wa pili anatuelekeza nyuma, kwenye kliniki, kwenye kaswende isiyopimwa, kwenye presha isiyoonekana. Sasa fikirini saa tisa usiku, muuguzi mmoja, vitanda vitatu, tochi ya simu mdomoni kwa sababu umeme umekatika. Anajua kwamba akiandika la kwanza, kikao cha kupitia vifo kitamwita. Akiandika la pili, ukurasa unafungwa. Hatusemi wote wanaandika la uongo. Tunasema maelekezo ya kutofautisha hayajafika kila leba kwa uzito mmoja, na pale maana inapolegea, woga ndio unaoshika kalamu.

Kuna na mtoto aliyetoka, akavuta pumzi mara mbili tatu, akanyamaza. Huyo kwa kanuni alizaliwa hai, na kifo chake ni kifo cha mtoto mchanga. Wapo wanaomwandika mfu, ili kumpunguzia mama machungu ya vyeti viwili au kupunguza maswali. Mama yule alimsikia akilia. Atakwenda nyumbani na sauti hiyo, na kitabu cha nchi yake kinasema mtoto hakuwahi kulia. Tena mimba ya wiki ngapi ndiyo mtoto mfu, na ya wiki ngapi ni mimba iliyoharibika? Kwa kulinganisha mataifa, Shirika la Afya Duniani hutumia wiki 28. Uingereza huanza kuhesabu wiki 24, na Marekani kwa kawaida wiki 20. Kwetu mama wengi hawana uhakika wa tarehe ya hedhi ya mwisho na kipimo cha picha hakipo karibu, kwa hiyo wiki zinakadiriwa kwa mkono juu ya tumbo.

Juu ya vifo vya akina mama wenyewe, tarakimu zinazotangazwa zinatutia kizunguzungu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalisema 238. Tulisikia 556 na 104 zikisomwa pamoja majukwaani, na sisi tukashangilia, maana nani asiyetaka mama zake waishi? Na kuna sababu ya kushangilia: wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81 kati ya tafiti hizo mbili, na tumeyaona majengo mapya ya upasuaji kwa macho yetu. Ila vipimo viwili vile havikufungwa kwa maana moja. Wa 2015/16 ulihesabu kifo chochote cha mwanamke akiwa mjamzito, akijifungua, au ndani ya miezi miwili baada ya hapo, kwa sababu yoyote ile. Wa 2022 ukahesabu hadi siku 42 na kuondoa ajali na ukatili. Mwenye utaalamu anajua namna ya kuzisoma pamoja kwa tahadhari. Mwananchi haambiwi. Na mwananchi aliyezika dada yake wiki ya saba baada ya kujifungua anabaki hajui kama dada yake yumo au hayumo.

Wafadhili nao wana sehemu yao. Kila mradi uliingia na rejesta zake, vishikwambi vyake na viashiria vyake. Kwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU, mpango wa Marekani wa PEPFAR uliwahi kumhesabu mtu kuwa amepotea kwenye huduma akipitisha siku 90, kisha ukabadili ikawa siku 28. Kituo ambacho kitabu chake cha taifa kinafuata maelekezo ya zamani na ripoti yake ya mradi inafuata mapya kina mtu mmoja ambaye kwenye meza hii yupo kwenye dawa na kwenye meza ile amepotea. Fedha za mradi zikiondoka, kama ilivyotikisika Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, mazoea ya mradi hubaki vichwani mwa watu na kompyuta hubaki imefunikwa kitambaa.

Kuna msemo kwamba takwimu ni mambo ya wataalamu, mwananchi atibiwe anyamaze. Tunaukataa. Serikali hii hii hutuma Wakala wa Vipimo sokoni kupambana na lumbesa, kwa sababu imetambua kwamba gunia lililovimba linamdhulumu mkulima hata kama mnunuzi analiita gunia. Kwenye afya pia kipimo kinaweza kuvimbishwa au kupunguzwa, na anayedhulumiwa ni aliyelala kitandani.

Wala shida hii haikuanzia kwetu. Florence Nightingale, yule muuguzi wa Uingereza, alilalamika kwamba hospitali za nchi yake haziwezi kulinganishwa kwa sababu kila moja inaandika kwa namna yake, na mwaka 1860 kongamano la kimataifa la takwimu lililofanyika London likajadili pendekezo lake la fomu moja kwa hospitali zote. Hata huko, karne moja na nusu baadaye, mambo hayajaisha. Agosti 2020 Uingereza ilifunga maana ya kifo cha Uviko-19 kuwa kile kilichotokea ndani ya siku 28 tangu mtu apimwe na kukutwa na virusi, na vifo zaidi ya 5,000 vikatoka kwenye jumla ya taifa kwa uamuzi mmoja. Familia zilibaki na misiba yao ile ile. Lakini walitangaza, wakataja tarehe, wakasema kipimo cha zamani kilikuwa kipi na kipya ni kipi. Hapo ndipo tunapopata wivu.

Afrika Kusini ndiyo inayotupa moyo zaidi. Ubaguzi wa rangi uliigawa afya ya nchi ile katika idara 14, kwa rangi na kwa maeneo waliyotengewa Waafrika, na kila idara ilihesabu watu wake kwa vitabu vyake. Baada ya uchaguzi wa 1994, watu wa afya na watafiti wa vyuo vikuu vya Cape Town na Oslo walianza kazi. Moja ya mambo waliyoyafanya mapema ni kukubaliana orodha fupi ya takwimu za lazima, chache, zinazoeleweka na kila kliniki, ndipo programu ya kompyuta ikajengwa juu yake. Programu hiyo ndiyo mama wa DHIS2 tunayoitumia sisi leo. Tumeirithi kompyuta. Ile subira ya kukaa na wauguzi na kukata orodha iwe fupi hatukuirithi yote.

Hatusemi hakuna lililofanyika. Nchi imekuwa na mkakati wa afya ya kidijitali wa 2019 hadi 2024. Ipo rejesta ya vituo vyote vya huduma, kila kituo na namba yake, ili hospitali moja isiitwe majina matatu. Hayo ni ya maana na waliohangaika nayo tunawashukuru. Lakini zahanati ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na hospitali za rufaa ziko chini ya Wizara ya Afya, mifumo ya kompyuta inatofautiana, na sisi tunatembea katikati na madaftari ya shule tuliyonunua dukani, ambamo daktari wa kwanza ameandika na wa pili hasomi. Kituo kimepewa namba. Mgonjwa bado anapewa namba ya faili mpya kila geti. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, lakini kwa miaka mingi waliokuwa wakiipata ni watu wazima, na kliniki inahudumia watoto. Mgonjwa wa Unguja anayeletwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, anavuka na bahari na wizara, kwa kuwa afya si jambo la Muungano. Nani amekaa na pande zote hizi akahakikisha kwamba neno linalovuka linafika na maana ile ile?

Wauguzi na matabibu tunawatetea humu. Tumeona mtu mmoja akizalisha, akichanja, akitoa dawa na akijaza vitabu zaidi ya kumi. Kuwaongezea rejesta nyingine halafu kuwaita wazembe ni dhuluma. Takwimu za kupika zipo, na zinapikwa mara nyingi na mtu aliyechoka, aliyepewa lengo na hakupewa maelezo.

Kwa hiyo waheshimiwa wa Wizara na wa TAMISEMI, mkiitisha kikao kijacho cha kupitia upya vitabu vya MTUHA, msiite wataalamu wa makao makuu na wafadhili peke yao. Muiteni muuguzi wa zahanati isiyo na umeme. Muiteni mhudumu wa afya wa kitongoji, na mama aliyehama kliniki akiwa na mimba. Kubalianeni nani ni mgonjwa mpya, nani ni mtoto, nani hana uwezo, lini mama anahesabiwa kuwa amekufa kwa uzazi. Yaandikeni kwa Kiswahili kinachosomeka, yabandikwe ukutani mapokezi na leba, yakiwa na tarehe, na siku mkibadili mtutangazie kama bei ya mafuta inavyotangazwa. Rejesta mpya isiletwe kabla ya zile mbili za zamani kuondolewa mezani kwa muuguzi. Na mwezi ukiisha, jumla ya kijiji chetu ibandikwe na sisi tuione, tuiseme pale isipofanana na makaburi yetu na watoto wetu.